Nani Ana Funguo za Geti?

Nilipewa reflekta ya rangi ya machungwa, nikaambiwa, "Wewe simama geti ya pili." Hayo ndiyo mafunzo yote niliyopata. Ilikuwa fainali ya mpira kati ya vyuo viwili na sisi ndio tulikuwa wenyeji. Jina la chuo siandiki, kwa sababu stori hii ukiichukua uiweke kwenye chuo chako, sidhani utabadilisha hata neno moja.

Geti ya pili ilikuwa na kufuli. Mwenye funguo alikuwa ameenda kula. Ukimpigia, mteja. Mechi ni saa tisa. Ikifika saa tisa kasorobo wasee wamejaa nje, na geti ya kwanza ina askari wawili wanaokagua kitambulisho kimoja kimoja kama wako benki. Watu wakaona upande wetu hauna foleni, wakahamia kwetu. Walio mbele waliona kufuli. Walio nyuma hawakuona. Wakasukuma.

Kuna dada mmoja alizirai akiwa wima. Hakuanguka, kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kuanguka. Tulimpitisha juu ya vichwa vya watu hadi ndani, kupitia juu ya ukuta. Ambulensi ilikuwepo, naam, lakini ilikuwa imeegeshwa nyuma ya hema la wageni waheshimiwa, na magari ya hao wageni yameizuia mbele na nyuma. Mungu ni nani, yule dada alipata fahamu, akanywa maji, akarudishwa hosteli.

Jioni emsii akatangaza kwamba siku imeenda vizuri sana. Mimi nikapewa mkate, soda na tisheti. Soo tano niliyoahidiwa naingoja hadi leo.

Nimebeba swali moja tangu siku hiyo: nani ana funguo za geti? Kwa sababu hapo ndipo kuna kazi, kuna pesa, na kuna uhai wa mtu. Na vyuo vyetu vimeamua hilo si somo, si ajira, si kitu. Ni mkate na soda.

Wacha niseme bila kuzunguka. Kusimamia viwanja na matukio ya michezo ni taaluma kamili, na mahali pa kuijenga ni chuoni, sasa hivi, ukiwa na miaka 20. Vyuo vinaitupa kwa kuwatumia wanafunzi bure bila kuwafundisha. Na sisi wanafunzi tunaitupa kwa kuidharau. Wote tuna makosa, lakini hatulingani kwa makosa. Nitaanza na mkubwa.

Kwanza tuelewane kazi yenyewe ni nini, maana wengi wenu mkisikia "kusimamia uwanja" mnaona mzee mwenye panga na gambuti.

Wiki mbili kabla ya mechi, kuna mtu lazima ajue kama uwanja uko huru au kuna kanisa limeukodisha. Kuna mtu lazima ajue raga ilichezwa lini, kwa sababu skramu inang'oa nyasi, na ukiweka mechi ya mpira siku inayofuata unawavunja watoto wa watu vifundo vya miguu. Kuna mtu anapima: goli ni mita 7.32 kwa 2.44, si "karibu hapo". Kuna mtu anachora mistari kwa chokaa asubuhi, akijua mvua ya saa sita itaifuta na lazima awe na mfuko mwingine. Kuna vyoo na maji. Jenereta ikizima, kuna mtu anajua nani anaiwasha na mafuta yako wapi. Timu mbili zisikutane kwenye korido moja baada ya penalti tata. Ambulensi iangalie njia ya kutokea, siyo ukuta. Mageti yafunguliwe saa ngapi, yakae na nani, na mtu akizirai apitishwe wapi.

Halafu baada ya mechi, wakati wewe uko kejani unapost picha, kuna mtu anahesabu viti, anaandika kilichoharibika, anaandika nini kibadilike wakati mwingine. Hiyo ripoti ya kurasa mbili ndiyo inayotofautisha taaluma na bahati.

Sasa niambie, hiyo ni kazi ya mtu aliyeambiwa "simama hapo"?

Kama bado unaona natia chumvi, rudi nyuma kidogo. Tarehe 23 Oktoba 2010, Nyayo, mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards. Watu 7 walikufa kwenye msongamano. Walienda kutazama mpira, hawakurudi nyumbani. Ruka hadi Januari 24, 2022, uwanja wa Olembe, Yaoundé, Kombe la Afrika, Kamerun wakicheza na Komoro. Watu 8 wakafa nje ya lango la kusini. Rais wa CAF, Patrice Motsepe, alisema wazi kwamba kulikuwa na geti iliyopaswa kuwa wazi na ikakutwa imefungwa. Geti! Uwanja mpya, mashindano makubwa kuliko yote barani, na swali ni lilelile nililokuwa najiuliza nikiwa na reflekta yangu. Nani ana funguo?

Na hapa nyumbani tusijifanye wageni. Agosti 2025 tulikuwa wenyeji wa CHAN pamoja na Tanzania na Uganda. Tarehe 10 Harambee Stars wakiwa wachezaji 10 wakapiga Morocco 1-0 Kasarani, nchi ikalipuka. Manze, sitaisahau hiyo jioni. Lakini nyuma ya hiyo furaha, watu wasio na tiketi walikuwa wamesukuma mageti na kuingia kwa nguvu, na CAF wakakasirika. Mechi iliyofuata na Zambia, tukakatwa mashabiki hadi 27,000. Timu inashinda, mashabiki wake wanafungiwa nje. Hatukupigwa na Morocco. Tulipigwa na mageti yetu wenyewe.

AFCON ya 2027 ni yetu sisi watatu tena: Kenya, Uganda, Tanzania. Pale karibu na Ngong Road tunajengewa Talanta, uwanja wa viti 60,000. Saruji tunaiona kwenye picha za droni kila wiki. Swali langu ni la kitoto kabisa: wale maelfu wa kusimama kwenye milango, kukagua tiketi, kupanga foleni, kuongoza mabasi ya timu, kutunza nyasi, wanatoka wapi? Wanafundishwa wapi? Au tutatafuta vijana asubuhi ya mechi, tuwape reflekta na mkate?

Shule ya hiyo kazi ipo tayari, na hii ndiyo inaniuma. Vyuo vyetu vina viwanja. Vina timu za ligi. Strathmore Leos, Mean Machine ya University of Nairobi, Blak Blad ya Kenyatta University, MMUST kule Kakamega: wote wamecheza raga ya ushindani ya kitaifa wakiwa na jina la chuo kifuani. Kila mechi ya nyumbani ni tukio kamili lenye geti, wageni, waamuzi, majeruhi na kelele. Mwaka 2017 dunia ilipoleta mashindano ya riadha ya vijana wa chini ya miaka 18 Kasarani, wanariadha walilala Kenyatta University. Kampasi iligeuka kijiji cha wanamichezo wa dunia nzima. Kwa hivyo usiniambie chuo cha Kenya hakiwezi kubeba kitu kikubwa. Kilishabeba.

Na kama unataka kuona uwanja wa chuo unaweza kufika wapi, fuata wakimbiaji wetu. Mei 2024 Beatrice Chebet alikimbia mita 10,000 kwa 28:54.14, rekodi ya dunia. Julai 5, 2025 akakimbia 5,000 kwa 13:58.06, mwanamke wa kwanza kushuka chini ya dakika 14. Siku hiyohiyo Faith Kipyegon akakimbia 1,500 kwa 3:48.68. Rekodi zote tatu ziliwekwa mahali pamoja: Hayward Field, Eugene, Marekani. Unajua Hayward Field ni ya nani? Ni ya chuo. University of Oregon. Uwanja huohuo Edward Cheserek wetu alipokuwa mwanafunzi, akishinda mataji 17 ya vyuo vya Marekani. Uwanja huohuo ulioandaa Mashindano ya Dunia ya Riadha mwaka 2022.

Sisi tunapeleka miguu. Wao wanatoa uwanja, wanatoa ratiba, wanatoa saa, wanatoa watu wa geti, na wanalipwa kwa hayo yote. Vyuo vikubwa vya kule vina ofisi nzima za viwanja na matukio, na wanafunzi wanaajiriwa kwa saa kwenye kumbi za mazoezi na siku za mechi. Msee anamaliza digrii akiwa na miaka mitatu ya kazi mkononi. Najua, wana pesa za televisheni ambazo sisi hatuna. Sisemi tuwe Oregon kufikia mwezi ujao. Nasema kulipa mwanafunzi kwa siku moja ya kazi na kumwonyesha funguo ziko wapi hakuhitaji televisheni.

Vyuo vyetu vinafanya nini badala yake? Angalia uwanja wako siku ya mahafali. Uwanja wa michezo unageuzwa maegesho. Malori ya mahema yanaingia juu ya nyasi zilizonyeshewa, yanaacha mitaro ya kupanda viazi. Jumatatu kocha analia peke yake. Halafu mashindano yakija, tenda ya hema, viti na sauti inaenda kwa mtu wa nje ambaye wanafunzi hawajui hata alipatikanaje. Anakuja na vijana wake, anafunga, anafungua, anaenda na pesa na ujuzi. Mwanafunzi anayesomea usimamizi wa matukio, anayelipa karo pale pale, anaitwa kubeba viti. Bure. Ati anapata uzoefu.

Hilo neno uzoefu limetukalia sana. Uzoefu si kusimama juani saa nane. Uzoefu ni mtu anayejua kukuonyesha kwa nini tunafanya hivi na si vile, kukuachia kazi uifanye, kukusahihisha, na kukuandikia barua yenye sahihi inayosema ulifanya nini. Kama hakuna mwalimu, hakuna barua na hakuna doh, huo si uzoefu. Umetumika.

Nimekuwa nikijitolea, na sijutii siku zote. Kuna mzee mmoja wa uwanja, miaka mingi kazini, alinifundisha kwa asubuhi mbili vitu ambavyo sikuvipata kwa muhula mzima. Alinionyesha kunyoosha mstari kwa kamba na vigingi viwili. Alinionyesha kubonyeza udongo kwa kisigino kujua kama uwanja uko tayari kuchezewa. Nilimuuliza nani atachukua kazi yake akistaafu. Akacheka. "Nyinyi hamtaki uchafu," akasema. Nikakosa la kujibu, kwa sababu ni kweli.

Na hapo sasa ndipo zamu yetu inafika, makomredi.

Sisi tunapenda michezo ya simu. Kila mtu anataka kuwa mchambuzi, wakala wa wachezaji, meneja wa chapa, mtangazaji. Uliza darasa zima nani anataka kuwa mkuu wa uwanja, utasikia kicheko. Mathe ameuza ng'ombe ulipe karo, utarudije nyumbani useme kazi yako ni nyasi na vyoo? Najua hiyo aibu, nimeisikia mezani kwetu. Lakini aibu hiyo inatuibia. Wachezaji wa mpira uwanjani ni 22. Wanaohitajika ili hao 22 wacheze salama ni wengi mno. Umekimbilia mlango wenye foleni ndefu na umeacha mlango ulio wazi kwa sababu aliyesimama hapo ana gambuti.

Na usidhani ujuzi huo unaishia kwenye mpira. Anayejua kupanga watu 3,000 waingie uwanjani bila kuumizana anaweza kupanga tamasha, kongamano, krusedi, harusi ya tajiri na mkutano wa kisiasa. Anayejua kutunza uwanja wa chuo anajua kutunza wa shule, wa klabu, wa kaunti. Kaunti zinajenga viwanja kila uchaguzi ukikaribia, halafu baada ya miaka miwili mbuzi ndio wachezaji wa kudumu. Kujenga kulikuwa na fundi. Kutunza hakukuwa na mtu.

Nishajibiwa haya mara nyingi, kwa hivyo wacha nimalize majibu mapema.

"Vyuo havina pesa." Vingi vina madeni, hilo halina ubishi. Lakini toa karatasi yako ya karo uisome mstari kwa mstari. Kuna pesa ya shughuli za wanafunzi pale, na unailipa hata kama hujawahi kugusa mpira. Na siku ya mashindano pesa ya hema la wageni waheshimiwa, maua mezani na maji ya chupa huwa inapatikana. Inakosekana tu ikifika kwa kijana wa geti. Basi tatizo ni nani anahesabiwa.

"Hiyo kazi haihitaji digrii." Labda. Hata uandishi wa hii posti haukuhitaji. Unahitaji kuijua. Mtu asiyejua hesabu ya mageti ameshaua watu, na hao wa Olembe hawakuuliwa na upungufu wa digrii. Waliuliwa na mlango uliofungwa na hakuna aliyejua.

"Kazi za huko ni za kujuana." Hapa sina ubishi, Kenya ni Kenya. Lakini kuna tofauti ya msee anayeomba kazi akiwa na jina la mjomba, na msee anayeomba akiwa na daftari: matukio 14, tarehe, idadi ya watu, alifanya nini, nini kiliharibika, alirekebisha vipi. Mjomba anaweza kukuingiza. Siku geti itakapoelemewa, mjomba hatakuwepo.

Kwa hivyo nadai nini?

Kwa vyuo: mambo matatu, na si makubwa. Moja, mwanafunzi akifanya kazi siku ya tukio, alipwe, kwa M-Pesa, siku hiyohiyo, kiwango kikiwa kimeandikwa. Mbili, hakuna mtu avae reflekta kabla ya kufundishwa: mageti, njia za dharura, huduma ya kwanza, nani anampigia nani. Asubuhi moja inatosha kuanza. Tatu, ripoti iandikwe baada ya kila tukio na wanafunzi waisome, hata kama inaaibisha. Hasa kama inaaibisha. Yule dada aliyezirai hayuko kwenye karatasi yoyote. Kwa rekodi za chuo, hakuzirai.

Kwa viongozi wa wanafunzi: mnapoomba kura mnaahidi Wi-Fi na chapati ya bei nafuu. Sawa. Ahidini na hili. Ulizeni tenda ya mashindano inaenda kwa nani na wanafunzi wangapi wako ndani yake kwa malipo.

Na kwako wewe unayesoma hii kwa matatu: usingoje hao wote. Wiki hii ingia ofisi ya michezo ya chuo chako, salimia vizuri, uliza mechi ijayo ni lini, uombe kazi moja yenye jina. Siyo "nisaidie popote". Sema, "Nataka geti," au "Nataka mistari," au "Nataka vyumba vya timu." Tafuta kozi ya huduma ya kwanza, Red Cross na St John wanafundisha. Fungua daftari. Mheshimu mzee wa uwanja, mpelekee chai, muulize maswali, ana chuo kichwani. Na ukiambiwa ujitolee, uliza bila woga: nitafundishwa nini, nitaandikiwa nini, nauli iko wapi? Ukikosa jibu hata moja kati ya hayo matatu, rudisha reflekta.

Mimi niliirudisha. Mwaka uliofuata nikaitwa tena, mashindano yaleyale, uwanja uleule. Nilisema nitakuja kwa sharti moja: saa moja kabla ya mageti kufunguliwa, nionyeshwe kila funguo na nishike nakala. Waliona nina kiherehere. Mmoja akaniuliza kama nataka kuwa askari. Lakini nilizipata, saba kwa hesabu, kwenye waya wa kuning'iniza nguo.

Mbili kati ya hizo hazikufungua chochote. Kufuli zilikuwa zimebadilishwa na hakuna aliyekumbuka lini. Moja ilikuwa ya geti ya pili.

Tulikata kufuli kwa msumeno, saa sita mchana, watu wakiwa bado hawajafika. Hakuna aliyepiga picha. Hakuna aliyezirai pia.